Aliyesema Ameshakula

Tangu lile trela la sinema lianze kuzunguka kwenye simu za watu, sijakaa nikatulia. Ni fupi, linaisha kabla hujajua unatazama nini. Msichana anaonekana kwa mgongo akimswaga punda mwenye magunia ya chumvi, vumbi linapanda, halafu sauti nzito ya mwanamume inasema maneno ambayo kwenye kitabu hayamo. Basi, imekwisha. Nimelitazama jikoni mpaka maharage yakaungua. Nimelitazama kwenye foleni ya benki. Nimelitazama kanisani wakati wa matangazo, Mungu anisamehe, simu nimeificha ndani ya kitabu cha nyimbo. Na kila nikilitazama napata la kulalamikia. Punda ni msafi mno, utadhani kaogeshwa kwa sabuni ya mche. Msichana kavaa viatu. Msichana wetu alikwenda pekupeku tangu kitabu cha kwanza, na siku alipopewa viatu alivigawa.

Mimi ni fundi cherehani, nina kibanda changu hapa Ipagala, Dodoma, na kazi yangu haitaki mtu mwenye mawazo. Wiki trela lilipotoka nilishona mkono wa kushoto upande wa kulia, kwenye gauni la mteja wa harusi. Kaka yangu, ambaye ana karakana ya kuchomelea mageti kule Nkuhungu, akanicheka kwenye simu. "Sinema si yako, vitabu si vyako, punda si wako. Kiherehere cha nini?" Yeye na utulivu wake. Mimi na subira hatujawahi kulala nyumba moja.

Kwa asiyevijua, vilikuwa vitabu vyembamba vya hadithi, jalada laini, picha chache za wino mweusi. Vilimhusu msichana wa nchi kavu kama hii yetu, anayezunguka na punda wake akiuza chumvi kijiji hata kijiji, huku akimtafuta kaka yake aliyeondoka na ng'ombe asirudi. Kila kitabu kilikuwa na kijiji chake na mkasa wake. Kaka mwenyewe haonekani mpaka kitabu cha mwisho. Watoto wa rika letu waliosoma shule za msingi huku bara, ukiwatajia punda na chumvi, utaona macho yanavyowang'aa.

Lakini sisi, mimi na kaka, hatukuvisoma. Tulisomewa. Tulikuwa tunaishi Mpwapwa, baba yetu alikuwa mhudumu wa josho kwenye kituo cha mifugo, na vitabu hivyo alivinunua kimoja kimoja kwa muuza magazeti wa stendi. Hakuruhusu mtu avishike. "Mikono yenu ina mafuta," alikuwa anasema, hata kama mafuta ndani ya nyumba hayakuwamo. Jumapili mchana, baada ya kanisa, tulitandika mkeka kwenye kivuli cha ukuta, yeye akaweka kitabu gotini akaanza. Na hakusoma kama mwalimu anavyosoma. Mama yetu hakwenda shule, Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni, cha kuuliza bei na kukataa. Kwa hiyo baba aliisoma sentensi kimoyomoyo kwa Kiswahili, akanyamaza kidogo, kisha akaitoa kwa Kigogo. Hadithi yote tuliipata hivyo, kwa lugha ambayo haikuandikwa nayo.

Mama hakuwa msikilizaji wa kukaa kimya. Msichana akiingia kwenye nyumba ya watu, mama anamkatiza baba palepale. "Kaingiaje? Hajasalimia?" Baba anarudi nyuma, anamtoa msichana nje, anamwingiza upya na mbukwenyi yake, salamu yetu ya Kigogo, anaulizwa habari za nyumbani, za mvua, za ng'ombe, za waliobaki, ndipo anakaribishwa kigoda. Sisi watoto tulijua salamu hizo baba anaziongeza. Tulicheka, kaka akawa anazihesabu kwa vidole. Hatukuwaza kwamba mtu anayeweza kuongeza salamu anaweza kuongeza na kingine.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe. Katika kitabu kimoja, msichana anafika jioni kwenye nyumba iliyo jirani na kisima. Ni mwaka wa njaa. Mwenye nyumba, mwanamke mwenye watoto, anampokea, wanasalimiana mpaka salamu zinaisha. Anasonga ugali wa uwele, kidogo tu, na mboga ni mlenda mkavu. Anawagawia watoto, anampa mgeni. Mgeni anauliza, na wewe mama? Yule mwanamke anasema, mimi nimeshakula, nilikula wakati napika. Anacheka na kuziba mdomo kwa kiganja. Lakini anapoinama kuondoa chungu, msichana anaona kwamba chini ya gauni amejifunga kitenge tumboni, amekikaza kama mzazi wa juzi. Msichana hasemi kitu. Asubuhi, punda ameshafungwa mizigo, anarudi ndani, anapiga magoti mbele ya yule mwanamke, anamwambia: "Mama, nimekuona." Kisha anaondoka.

Mama aliipenda sehemu ile kuliko vitabu vyote vikiwekwa pamoja. Hata tukiwa kwenye kitabu kingine kabisa alikuwa anamwambia baba, "Rudi kwanza kwa yule mama wa kisimani." Baba alirudi. Mtu aliyekuwa anasoma haraka haraka kama anayekimbiza ng'ombe joshoni, akifika pale alipunguza mwendo. Mama alisikiliza akitazama chini, na ikiisha alisema maneno yaleyale kila mara: "Huyu aliyeandika analijua tumbo tupu."

Baba alifariki zamani kidogo. Mama nimemchukua, anaishi nami. Ni mzee sasa, lakini akili yake ni kali kuliko yangu, na ulimi vilevile. Siku nilipomwambia vitabu vya punda vinatolewa sinema, na kwamba itaonyeshwa hapa hapa Dodoma, aliacha kupeta mchele. Nikampa simu aone trela, akaisukuma. "Sitaki kuonjeshwa. Nitakwenda kuona yote." Halafu akasema, "Nataka nimwone uso yule mama wa kisimani." Kuanzia siku ile hakuwa na jingine. Alichagua gauni. Alinitaka nilibane kiunoni kwa kuwa amepungua. Jirani akija kumsalimia, shikamoo haijaitikiwa vizuri, ameshaanza kumsimulia habari za mwanamke wa kisimani. Sijawahi kumwona mama yangu anangoja kitu hivyo, na mimi roho ikawa juu, kwa sababu nazijua sinema. Wanakata. Wanaweka mapenzi mahali pa ugali.

Ndiyo maana, walipovichapa upya vile vitabu na kuviweka mjini na picha ya yule msichana mwenye viatu kwenye jalada, nilikwenda kuvinunua vyote. Nilitaka kujua tu, kwa kitabu, sehemu ile ina uzito gani, kama inaweza kuachwa. Nilifunga kibanda mapema, nikakaa nyuma ya cherehani nikasoma. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kuvishika. Kisima nilikiona. Nyumba niliiona, ingawa ni kibanda tu. Mwanamke sikumwona. Kitabu kinasema msichana alifika kisimani jioni, akamnywesha punda, akalala kwenye kibanda kilichoachwa wazi, na asubuhi yake akaendelea na safari. Hakuna ugali. Hakuna mlenda. Hakuna aliyepiga magoti.

Nilipandwa na hasira za kutaka kupigana. Nilirudi kwa muuza vitabu, kijana wa watu asiye na kosa, nikamwambia vitabu vyake ni vya kuchakachua. Akaniambia, "Mama, mimi nauza tu." Nikampigia kaka. Kaka akasema bila shaka wamekata, siku hizi karatasi ni ghali. Yeye aliikumbuka sehemu ile neno kwa neno, hata kicheko cha kuziba mdomo. Tukakubaliana kwamba vya zamani vitakuwa nayo.

Vya zamani viko Mpwapwa. Nyumba aliyoijenga baba alipostaafu tumeipangisha, ila chumba kimoja tumekifungia vitu vyetu. Kesho yake nikapanda basi la asubuhi, gauni la mteja limelala mezani bila pindo. Kaka aliposikia nimeshafika Kongwa akacheka mpaka akakohoa. Njia nzima nilikuwa nabadilisha mkao, jirani yangu akaniuliza kama naumwa mgongo. Stendi nikachukua bodaboda, nikafika, nikasalimia wapangaji juu juu, tabia mbaya ambayo mama angenirudisha mlangoni, nikafungua chumba. Sanduku la bati lilikuwa palepale. Vitabu vilikuwa ndani, vimepangwa, vina harufu ya dawa ya mende. Nikakitafuta kile cha kisima, nikakaa juu ya gunia nikasoma.

Haimo.

Maneno ni yaleyale ya kitabu kipya. Akamnywesha punda, akalala kwenye kibanda kilichoachwa wazi, na asubuhi yake akaendelea na safari. Nikasoma kitabu kingine, na kingine, labda tulichanganya vijiji. Nikavimaliza vyote nimekaa kwenye gunia lile, mpangaji akanigongea kuniletea chai, nikaiacha ikapoa. Salamu nyingi hazimo, hilo nililitegemea. Na mwanamke aliyesema ameshakula hayumo popote.

Ndipo nikamtambua, kwa kitenge. Mwaka mmoja, nikiwa mdogo, mvua zilikataa, uwele ukakauka shambani ukiwa na urefu wa kiganja, na mshahara wa baba ukawa unapotelea kwenye mahindi. Mwaka ule mama alikuwa anavaa kitenge cha kijani chini ya gauni, amekikaza tumboni kwa fundo mbavuni. Nilimwuliza kwa nini, akasema mgongo. Tulikuwa tunakula jikoni, mimi na yeye, wanaume wakila nje kama ilivyokuwa desturi, na yeye alikuwa ananisogezea sufuria akisema nimeshakula, nimeonja sana wakati napika. Na kuziba mdomo akicheka ni mama yangu huyo huyo, mpaka leo anaziba, meno yenyewe yamekwisha.

Nililia pale juu ya gunia. Nililia kwa furaha, sitaficha. Baba yangu hakuwa mtu wa maneno. Sikumsikia hata mara moja akimwambia mama asante. Wanaume wa wakati wake asante waliona ni ya kuwapa wageni. Kumbe alikuwa anamwambia, Jumapili kwa Jumapili, mbele yetu sote, kapitishia kwenye kitabu cha watu. Alimtunga mwanamke, akamweka kwenye nyumba ya kisimani, akamleta msichana wa hadithi ampigie magoti kwa niaba yake. Nilijiona nimebeba zawadi kubwa kuliko sinema yoyote.

Nikampigia kaka nikiwa bado nafuta kamasi. Nikamsimulia yote. Nilitegemea naye alie, au angalau apige kelele. Nikasikia mashine za karakana tu.

"Usimwambie," akasema.

"Nisimwambieje? Anakwenda kumtafuta mtu ambaye hayupo. Atakaa mle ukumbini anangoja mpaka taa ziwashwe."

"Mwambie wamekata. Mwambie sinema imeahirishwa. Mwambie lolote, ila hilo usimwambie."

"Kwa nini?"

"Wewe ulikuwa unakula jikoni, mdogo wangu," akasema kaka. "Mimi nilikuwa nakula na baba. Nisikilize."

Sikumsikiliza. Nilidhani ni ule ubaridi wake wa siku zote, mtu ambaye hata akishinda bahati nasibu atasema kesho atafikiria. Basi la kurudi lilikuwa linatembea kama limefungwa kamba. Nilikuwa napanga maneno njiani, nayapangua. Nilitaka nimwambie vizuri. Nilifika jua halijazama, mama amekaa barazani anabangua karanga, ungo mapajani, gauni la sinema limening'inizwa dirishani lisipate mikunjo.

Nikampa shikamoo, akaitikia. Nikakaa chini karibu na miguu yake, nikamwambia moja kwa moja, kwa sababu njia nyingine siijui. Nikamwambia mwanamke wa kisimani kwenye sinema hatakuwamo, kwa kuwa kwenye kitabu hayumo.

"Kipya?" akauliza.

"Hata cha zamani, mama. Natoka Mpwapwa. Nimevisoma vyote."

Aliendelea kubangua. "Na lile neno la asubuhi? Nimekuona?"

"Halimo. Ni la baba. Yote yale ni ya baba, aliyatunga mwenyewe." Na hapo nilikuwa natabasamu, nakumbuka kabisa, kama mtoto aliyeleta ripoti nzuri ya shule. "Ni wewe, mama. Kitenge kile cha kijani, mwaka wa njaa. Alikuwa anakushukuru. Alishindwa kusema waziwazi, akapitishia hadithini."

Mama alisimamisha mikono. Akatazama barabarani, ambako watu walikuwa wanarudi kazini. Mimi nikaendelea kubwabwaja, maana kimya kinanishinda. Nikamwambia twende tu Jumamosi, tukamwone msichana na punda, sasa tukijua siri ambayo ukumbi mzima hauijui. Nikamwambia ni wake wangapi waliowahi kutungiwa hadithi.

"Chakula chake nilikuwa nampelekea nje mwenyewe," mama akasema. Alisema taratibu, kwa Kigogo, kama mtu anayemweleza mgeni njia. "Nimekifunika. Nikirudi nasimama nyuma ya mlango, nangoja bakuli. Mwanamume akijua jikoni hakuna kitu, anabakiza. Haambiwi. Anamega mara mbili tatu, anasema ameshiba, anasukuma. Baba yangu alibakiza. Babu yako alibakiza. Kwa hiyo nilikuwa nangoja. Na kila siku bakuli lilirudi jeupe, limefutwa kwa kidole."

Nikafungua mdomo. Akanyanyua kiganja, nikaufunga.

"Sikumlaumu. Nilijiambia, hajui, utamlaumuje mtu asiyejua, na wewe ndiye unayemficha. Nilimsamehe kwa sababu hiyo. Nimemzalia, nimemuuguza, nimemwosha, nimemzika, najiambia hajui. Na nilijiambia kuna mtu mmoja aliyeniona, mtu wa mbali huko, aliyeandika kile kitabu. Nilikuwa namwombea huyo mtu. Sikumjua jina, nilimwombea tu, kila nilipolala."

Akachukua karanga moja, akaishika bila kuibangua.

"Kumbe aliyeniona alikuwa hapo nje," akasema, "anakula."